Bawabu wa Schio na lango la Thongpiny

Siku chache baada ya risasi za kwanza za vita vya wenyewe kwa wenyewe kulia Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, mtaa wa Thongpiny, ulio jirani na uwanja wa ndege, ulijulikana duniani kwa sababu ya lango moja. Ndani ya lango hilo kulikuwa na kambi ya Umoja wa Mataifa. Nje yake walisimama watu waliobeba magodoro, masufuria na watoto, wakiomba kuingia. Lango likafunguliwa. Baada ya wiki chache watu zaidi ya 20,000 walikuwa wamebanana katika eneo lisilotengenezwa kwa ajili yao, na mvua za mwaka 2014 ziliposhuka, maji yaliingia hemani na vyoo vikafurika. Kabla mwaka haujaisha walihamishwa, wengi wao wakapelekwa kwenye kambi nyingine upande wa Jebel. Habari za majuma yale zimeandikwa kwa majina ya majenerali, mawaziri na wapatanishi. Lango limetajwa kama mahali tu. Nani humfungulia mwenzake mlango, na kwa nini, ni swali ambalo wanahistoria wamewaachia wahubiri.

Wahubiri nao wana desturi yao. Akifariki mwanamke mzee aliyelitumikia kanisa na majirani maisha yake yote, yule ambaye Kiarabu cha Juba kingemwita haboba, sifa zake husomwa upesi: alikuwa mcha Mungu, alikuwa mkarimu, alikuwa mama wa wote. Kisha jeneza linafunikwa. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanamfanya afanane na kila mzee mwingine, kana kwamba ukarimu ni kitu kinachomwotea mwanamke uzeeni pamoja na mvi. Hoja ya makala hii ni kwamba ukarimu wa namna hiyo ni tendo la kihistoria. Una chanzo, una gharama, na mara nyingi mizizi yake iko katika neno moja ambalo waombolezaji hawalitaji: hapana. Mwanamke wa kuipima hoja hii ni yule ambaye redio ya Kikatoliki mjini Juba imepewa jina lake, mtawa aliyekufa akiwa kikongwe katika mji wa Schio, kaskazini mwa Italia, tarehe 8 Februari 1947: Josephine Bakhita.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, kwenye familia yenye mifugo na mashamba, kati ya watu wa Daju. Alitekwa akiwa na umri wa miaka saba au minane, miaka michache baada ya dada yake mkubwa kuchukuliwa vivyo hivyo. Utekaji huo haukuwa ajali ya njiani. Mwaka 1874 Zubeir Rahma, tajiri wa watumwa aliyekuwa na jeshi lake mwenyewe, alikuwa ameivamia na kuishinda Darfur kwa manufaa ya serikali ya Misri iliyotawala Khartoum. Nguvu yake ilitoka kusini: makao yake yalikuwa Bahr el Ghazal, mahali panapojulikana kwa jina la Deim Zubeir, ndani ya Sudan Kusini, na utajiri wake ulitokana na watu waliokamatwa katika vijiji vya huko. Kwa hiyo mkono uliomnyakua mtoto wa Olgossa na mkono uliokuwa ukinyakua watoto wa Bahr el Ghazal ilikuwa mikono ya biashara moja, yenye njia zilezile na masoko yaleyale. Hili litatufaa mbele, tutakapoulizwa mwanamke wa Darfur anawahusu nini watu wa Juba.

Watekaji walimtembeza kwa miguu mpaka mji wa El Obeid. Hofu ilimfutia kumbukumbu hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake, na hakulikumbuka tena mpaka kufa. Wao wakamwita Bakhita. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa: neno hilo ni ndugu wa bahati yetu, na maana yake ni mwenye bahati. Kumwita hivyo mtoto aliyefungwa kamba ilikuwa dhihaka, au pengine mazoea ya wachuuzi wanaosifia bidhaa yao. Aliuzwa, akauzwa tena. Kwa afisa mmoja wa jeshi la Kituruki huko El Obeid alikutana na adhabu ambayo mwili wake uliisimulia hata alipokuwa amenyamaza. Mwanamke mwenye kazi ya kuchanja chale aliletewa unga, wembe na chumvi. Kwa unga mweupe alichora michoro juu ya ngozi ya msichana, kifuani, tumboni na kwenye mkono wa kulia; kwa wembe akaifuata michoro mstari kwa mstari; kisha akajaza chumvi katika kila jeraha ili kovu lisimame. Michoro hiyo ilikuwa 114. Vitu vitatu vya jikoni na nyumbani, ambavyo mikononi mwa bibi yeyote ni vya kulisha na kutunza, ndivyo vilivyotumika kumtia alama ya mali.

Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na Callisto Legnani, makamu wa balozi mdogo wa Italia, ambaye nyumbani kwake hakupigwa mjeledi. Jeshi la waasi la Mahdi lilipoukaribia mji, Legnani aliondoka, na mwaka 1885 msichana akasafiri naye kupitia bandari ya Suakin hadi Genoa. Huko alitolewa zawadi, kama inavyotolewa zawadi ya sanduku, kwa familia ya Michieli iliyokuwa na nyumba karibu na Venice, akawa yaya wa binti yao mdogo. Familia hiyo ilikuwa na biashara ya hoteli Suakin. Bibi mwenye nyumba alipokwenda huko kumfuata mumewe, aliwaacha yaya na mtoto kwa masista Wakanosa mjini Venice, katika nyumba iliyowafundisha dini wale waliojiandaa kubatizwa. Baada ya miezi kadhaa alirudi kuwachukua wote wawili, ili Bakhita akafanye kazi hotelini kwenye pwani ya Bahari ya Shamu.

Hapo ndipo historia yake inapogeuka, na inageukia mlangoni. Bakhita alikataa kutoka. Aliombwa, akabembelezwa, akatishwa, akakumbushwa fadhila alizotendewa, alimpenda mtoto yule na kuachana naye kulimuuma, bado akakataa. Suala likafika kwa wakuu wa kanisa na wa serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, hivyo mwanamke huyo ni mtu huru mwenye haki ya kuamua anakokwenda. Aliamua kubaki. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa Giuseppina Margherita Fortunata, na katika jina hilo la mwisho bahati ya watekaji ikatafsiriwa kwa Kilatini na kurudishwa kwa mwenyewe ikiwa na maana yake halisi. Wasudani Kusini wanaijua tarehe 9 Januari kwa sababu nyingine: siku hiyo mwaka 2005 Mkataba wa Amani ulitiwa saini Nairobi, ukafungua njia ya kura ya maoni na uhuru wa 2011. Tarehe zimegongana tu, na mtu asizifanyie unajimu. Hata hivyo mfanano wa mambo yenyewe unafundisha, kwa kuwa katika yote mawili uhuru ulianza pale waliokuwa wakiamuliwa walipopewa nafasi ya kujibu.

Wazee wetu husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumtia moyo maskini mwenye kidogo, lakini ndani yake mna sharti zito: kama kutoa ni moyo, basi asiyeulizwa moyo wake hawezi kutoa. Mtumwa hupika, hubeba, hulea, na pengine hufanya yote hayo kwa upole; anachotoa ni cha bwana wake, kwa sababu hata mikono yake si yake. Kabla ya Novemba 1889 Bakhita alihudumu. Baada ya Novemba 1889 ndipo alipoweza kuwa mkarimu. Tofauti hiyo haionekani kwa macho ya mpita njia anayemwona mwanamke yuleyule akilea mtoto na kubeba sahani. Inaonekana kwa anayejua kwamba aliwahi kusimama kizingitini na kukataa.

Aliweka nadhiri mwaka 1896, na mwaka 1902 akapelekwa Schio, alikotumikia sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki. Kazi zake zilikuwa za kawaida kabisa: kupika, kushona, kutarizi, kutunza vyombo vya ibada, na hatimaye ubawabu. Ubawabu wa nyumba ya masista ni kazi isiyo na sherehe. Kengele inalia, unaacha ulichoshika, unafungua. Anaweza kuwa mama anayeleta mtoto shuleni, maskini anayeomba mkate, mtu aliyefiwa, au mtu anayetaka tu kumtazama mtawa mweusi. Wote wanahitaji uso uleule, na kengele haichagui saa. Waliokumbuka miaka hiyo walitaja sauti yake, iliyobaki na mdundo wa lugha ya kwao, na mkono aliowawekea kichwani watoto wa shule walipoingia asubuhi. Watu wa mji walimwita Madre Moretta, mama mweusi mdogo, jina lililochanganya mapenzi na ushamba wa zama zile. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia sehemu ya nyumba ile ilifanywa hospitali ya askari, na wakati wa Vita ya Pili, mabomu yalipoanza kuanguka, wengi mjini waliamini kwamba wako salama kwa sababu yeye yupo. Alipokufa, watu walipanga foleni kwa siku tatu kupita mbele ya mwili wake.

Anayesoma kwa makini atapinga hapa. Atasema: je, huu si utumwa uliovikwa shela? Msichana mweusi aliyekuwa yaya wa Wazungu alizeeka akiwa mpishi na bawabu wa Wazungu, na makovu yake yakawa kivutio. Pingamizi hili lina haki yake na halipaswi kufukuzwa kwa maneno matamu. Katika miaka ya 1930 wakubwa wake walimzungusha miji mingi ya Italia pamoja na sista mwingine aliyewahi kuwa mmisionari China, ili aonekane na kuamsha moyo wa watu kwa ajili ya misheni. Msafara huo ulikuwa mzigo kwa mwanamke mwenye haya kama yeye. Mwaka 1936, Italia ikiwa imekwisha kuivamia Ethiopia, alikuwamo katika kundi la masista lililopokelewa na Mussolini kabla ya baadhi yao kwenda Addis Ababa. Dola iliyokuwa ikimwaga damu ya Waafrika ilifurahi kumwonyesha Mwafrika mmoja mwenye shukrani. Haya yalitokea, na historia inayomheshimu haiwezi kuyaficha chini ya zulia la altare.

Lakini angalia pingamizi lenyewe linapofika mwisho wake. Linadai kwamba thamani ya kazi hujulikana kwa cheo cha kazi: jiko na mlango ni vya mtumwa, meza ya mbele ni ya mtu huru. Hivyo ndivyo soko la El Obeid lilivyoamini. Bakhita alikuwa na kipimo kingine, na hakukipata kwa kutojua dunia. Aliijua dunia upande wake wa wembe. Mtu aliyewahi kufunguliwa na kufungiwa milango na wengine, aliyepitishwa mikononi mwa mabwana kadhaa, ndiye aliyekuja kushika ufunguo, na akautumia kufungua. Wakubwa waliomtumia kama bango walikosea juu yake, na kosa lao halibatilishi kazi aliyoifanya kila kengele ilipolia. Kinyume chake, linatuonya sisi tunaoishi sasa: mwanamke mzee mkarimu ni rahisi kugeuzwa picha ya ukutani, na picha haiulizi maswali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa Juba kuliko kwa Schio. Bakhita anajulikana kwa kusema kwamba kama angekutana na waliomteka na kumtesa angepiga magoti awabusu mikono, kwa kuwa bila yao asingekuwa Mkristo wala mtawa. Katika nchi ambayo watu wameuawa kwa kabila lao, ambako vijiji vya Bahr el Ghazal vilivamiwa na watoto kuchukuliwa utumwani tena katika miaka ya 1980 na 1990, maneno kama hayo yanaweza kuwa silaha mkononi mwa mkosaji. Mbona wewe husamehi, wakati mtakatifu alisamehe? Mbona unataka mahakama? Kina mama wazee ndio huambiwa hivyo mara nyingi, kwa sababu wao ndio hutegemewa kunyamaza ili ukoo ule kwa amani.

Jibu liko katika siku zake za mwisho. Akiwa kitandani, miaka sitini na zaidi baada ya El Obeid, homa ilimrudisha utotoni, akamsihi aliyekuwa akimuuguza amlegezee minyororo kwa sababu ilikuwa mizito. Mwanamke aliyesamehe hivyo hakuwa amesahau. Mwili wake uliitunza kesi yote, kovu kwa kovu, na masimulizi yake yaliyochapishwa katika kitabu mwaka 1931 yalitaja matendo kwa uwazi ambao hakuna mwendesha mashtaka angeuonea aibu. Tena hakumsamehe mtu kwa kurudi nyumbani kwake. Alipodaiwa arudi Suakin, alikataa, na sheria ikaandika kukataa kwake. Kwa hiyo mfuatano wa maisha yake ni huu: kwanza hapana, kisha ushahidi, na msamaha unakuja ukiwa mali yake ya kutoa. Anayemtaka bibi wa Juba aanzie kwenye msamaha, huku ameondolewa hayo mawili ya kwanza, hamfuati Bakhita. Anafuata njia ya wale waliomtia chumvi kwenye jeraha, wakamtaka asubiri litulie.

Litabaki pingamizi la tatu, la jiografia: huyu ni wa Darfur, akazeekea Italia, na mpaka wa 2011 umemwacha upande wa pili. Deim Zubeir imekwisha kujibu nusu. Nusu nyingine inajibiwa na namna Wasudani wa kusini walivyomchukua. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenye heri mwaka 1992, vita vilikuwa vikiwaka. Mwaka uliofuata alifika Khartoum na kumtaja mbele ya umati ambao wengi wao walikuwa wakimbizi kutoka kusini. Alitangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Redio Bakhita ilianza kusikika Juba mwaka 2006, ikifungua kinywa pale ambapo vita vilikuwa vimekifunga, na mwaka 2014 vyombo vya usalama viliifunga kwa muda kwa sababu ya habari zake. Papa Fransisko, akihitimisha ziara yake kwenye kaburi la John Garang, kiongozi wa mapambano ya kusini, tarehe 5 Februari 2023, alilihusisha jina lake na neno tumaini. Mtu hapewi nafasi hiyo kwa hati ya kuzaliwa.

Zaidi ya hayo, kanisa la kusini lenyewe limesimama juu ya mabega ya wanawake wa aina yake. Misheni ya kwanza ya Wakatoliki karibu na Juba, Gondokoro, ng'ambo ya Nile, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 na ikafa ndani ya muongo mmoja kwa homa na vifo vya mapadre. Iliporudi karne iliyofuata, ilitegemea wageni hadi mwaka 1964, serikali ya Khartoum ilipowafukuza wamisionari takriban 300 kwa mkupuo. Makanisa yalipaswa kuzimika. Hayakuzimika, na sababu moja ni kwamba waliobaki walijua sala kwa moyo na hawakuhitaji jengo. Katika vita vilivyofuata, Marc Nikkel, padre wa Kianglikana aliyewachunguza Wadinka wa Bor kwa miaka mingi, alieleza jinsi wanawake walivyojaa ibadani, wakitembea na misalaba ya mbao mkononi na kutunga nyimbo zao wenyewe, Mary Alueel Garang akiwa mmoja wa watunzi mashuhuri. Gharama haikukoma na vita hivyo. Tarehe 16 Agosti 2021 masista Mary Daniel Abut na Regina Roba wa shirika la Moyo Mtakatifu, lililozaliwa Juba, waliuawa pamoja na wasafiri wengine kwenye barabara ya Nimule, wakitoka kuadhimisha miaka mia ya parokia ya Loa. Walikufa wakirudi kazini.

Turudi basi Thongpiny. Kambi iliyofungua lango Desemba 2013 ilifungua kwa amri, kwa mujibu wa azimio la Umoja wa Mataifa, ikiwa na walinzi wenye bunduki, na ilistahili shukrani. Lakini taasisi ikikosa nafasi hufunga, na amri ikibadilika huhamisha watu. Nyuma yake siku zote kuna milango midogo isiyo na azimio, ya mabati na ya matete, ambayo hufunguliwa na mzee mmoja anayeujua uzito wa kukosa mahali pa kulala. Tukimzika mzee wa namna hiyo na kusema tu alikuwa mkarimu, tunamrudisha kwenye hali ya mtoto wa Olgossa, aliyepewa jina zuri na watu wasiotaka kujua jina lake la kwanza. Heshima inayomfaa ni kuuliza na kuandika: alinyang'anywa nini, alikataa nini na mbele ya nani, na baada ya hapo alimfungulia nani mlango. Majibu hayo matatu yakiandikwa kwa tarehe na majina ya mahali, mahubiri ya mazishi yatakuwa yametupatia historia, na wajukuu watajua kwamba mlango wa bibi yao ulifunguka kwa kuwa aliyeushika alikuwa na uwezo wa kuufunga.